Kasha Lililokatwa: Mchango wa Watumiaji katika Upozaji wa Kompyuta kwa Maji

Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa kiwango cha ATX, kilichopanga sehemu za kompyuta ya mezani kwa kutegemea feni. Maji yalikwisha kupoza kompyuta kubwa, ikiwemo IBM 3081 ya 1980, lakini kasha la nyumbani halikuwa na nafasi ya rejeta. Kuelekea 2000, watumiaji waliozidisha kasi ya vichakataji walikata bati wenyewe ili hewa ipite, wakafunga rejeta ndogo za kupashia joto ndani ya gari na pampu za tangi la samaki. Baadaye viwanda viliuza makasha yenye nafasi hiyo. Hivyo, historia inayoanzia kiwandani hufuta mchango wa waliotangulia kushika msumeno.