Funzo la nyumba za kale za Lamu kwa mjenzi wa leo

ANAYETOKA ufuoni saa saba mchana na kuingia katika vichochoro vya mji wa kale wa Lamu huhisi mara moja kuwa joto limepungua. Unafuu huo hauletwi na kiyoyozi, bali na mpangilio wa mitaa, unene wa kuta na njia zilizoachiwa upepo.

Mji huo, ambao watu wameishi humo kwa zaidi ya miaka 700, uliorodheshwa na shirika la UNESCO kuwa Turathi ya Dunia mwaka wa 2001. Wengi huusifia milango yake ya nakshi, ilhali mbinu za ujenzi zilizofichika nyuma ya milango hiyo zingemfaa zaidi mwananchi anayejenga kwenye ploti ya futi 50 kwa 100.

Kuta, kiwanda na kichochoro

Kuta za nyumba hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake ni kama nusu mita. Ukuta wa aina hiyo hupokea joto polepole, hivyo jua la mchana huchelewa kufika vyumba vya ndani. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo si ndefu, vyumba vilikuwa vyembamba.

Katikati ya nyumba huwa na kiwanda, yaani ua ulio wazi kwa juu. Hewa yenye joto hupaa kupitia hapo na kuiachia nafasi hewa baridi kutoka pembeni. Nje, vichochoro vyembamba huzifanya nyumba zitiliane kivuli. Navyo vinatosha kabisa, kwa kuwa wapitao humo ni watu na punda.

Hata hivyo, haifai kuiga kila kitu. Matumbawe ni makao na mazalio ya samaki, nayo mikoko huzuia bahari kuila pwani. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018, wakataji wa mikoko wa Lamu nao walijikuta bila kazi. Kwa hiyo kinachostahili kurithiwa ni maarifa, wala si malighafi.

Jua na upepo

Kenya imepitiwa na ikweta, na jua huchoma zaidi kuta zinazotazama mashariki asubuhi na magharibi alasiri. Kwa sababu hiyo, inafaa pande ndefu za nyumba, zenye madirisha makubwa, zielekee kaskazini na kusini, nazo pande fupi zielekee mawio na machweo.

Jijini Nairobi, mpangilio huo una faida nyingine. Mnamo Juni na Julai, wakati baridi inapokithiri, jua huwa upande wa kaskazini, na dirisha linalotazama huko hukaribisha mwanga na joto. Pwani nako, matundu yaliyowekwa katika kuta zinazokabiliana huuruhusu upepo wa kusi au wa kaskazi kupenya chumba kizima.

Paa la mabati lisilo na dari ndilo huwatesa wapangaji wengi. Dari iliyoachiwa matundu ya hewa chini ya paa, upenu mpana unaokinga madirisha, na rangi nyeupe juu ya mabati hupunguza joto hilo pakubwa.

Kuhusu kuta, palipo na udongo mwekundu unaofaa, matofali yanaweza kutengenezwa papo hapo kwa kuuchanganya na saruji kidogo na kuushindilia kwa mashine. Matofali hayo hayachomwi kwa kuni, ila ni sharti yatunzwe kivulini yakiwa na unyevu ili yakomae. Udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi haufai kwa kazi hii.

Maji na majirani

Mvua ya milimita 25 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 80 huleta lita 2,000 za maji. Hata sehemu ikipotea, familia inayonunua maji kwa mitungi hupata akiba ya siku kadhaa, mradi mifereji ya paa na tangi viwepo.

Maji hayo yasipokingwa huwa mzigo wa mtaa. Kila mwenye ploti akifunika ua wote kwa saruji, mvua hukosa pa kuzama na kumwendea jirani wa bondeni. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwadhihirishia wakazi wa Nairobi, hasa wa mitaa iliyo kandokando ya mito, jinsi mzigo huo ulivyo mzito. Sehemu ya ua iliyoachwa na nyasi, mti wa kivuli na mtaro usiozibwa kwa taka ni kinga ambayo majirani wanaweza kukubaliana bila kungoja mradi mkubwa.

Fauka ya hayo, mengi katika haya hayaongezi gharama iwapo yataamuliwa mapema. Kuigeuza nyumba ielekee kaskazini kungali kwenye ramani hugharimu mazungumzo tu na mchoraji au fundi. Msingi ukishachimbwa na kuta kusimama, mwenye nyumba aliyekosea hana budi kununua feni na kulipia umeme wake miaka nenda miaka rudi.