Upande Wetu wa Mto Mara

Wanaoandika habari za Nyamongo huanza na risasi. Wengine huanza mwaka 2002, mgodi wa North Mara ulipoanza uzalishaji huko. Mimi ni mtu wa Nyambureti, wilaya ya Serengeti, kusini mwa mto Mara. Nyamongo iko ng'ambo, wilaya ya Tarime. Kwa sisi tuliokuwa tukivuka mto kwenda mnadani, kuposa na kuuza ulezi, habari hii ina umri mkubwa kuliko hapo, na kuna jambo moja lazima nilitangulize: watu wa Nyamongo hawakuwahi kuukataa uchimbaji. Walikuwa wachimbaji. Walichokataa ni kuambiwa kwamba sasa basi, wengine ndio watachimba.

Dhahabu ya pande hizi haikuanza kwao. Wajerumani waliijua dhahabu ya Kilimafedha, huko Ikoma, na miaka ya 1930 chini ya Waingereza vijana wa Ikoma, Nata na Ngoreme walikwenda kutafuta huko pesa ya kodi. Upande wa Musoma kulikuwa na Buhemba na Kiabakari. Babu zetu walitoka kwenye migodi hiyo na somo moja: mgodi una mwenyewe, wewe unapewa sururu na unangoja mwisho wa mwezi. Mwaka 1951 Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa, na Kilimafedha leo imo ndani yake pamoja na mashimo yake yote. Simba wamerithi. Watalii hupita jirani, wala hakuna anayewaambia kwamba pale paliwahi kuwa na kazi.

Nyamongo ilikuwa kinyume cha hayo. Kufikia miaka ya 1980 na 1990 palikuwa na wachimbaji wadogo wasio na bwana. Shangazi yangu aliolewa Nyangoto, huko Nyamongo, nami nilipokuwa kijana nilimpelekea ulezi na makopa ya mihogo, nikabaki kwake hadi mizigo iishe. Wanaume walishuka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yaliyokuwa mapana kiasi cha mtu kukunja mabega, wakapandisha mawe kwa ndoo na kamba. Mwenye duara alichukua fungu lake, mwenye shamba lake, waliokata mwamba lao, na aliyekopesha chakula na betri za tochi hakusahauliwa. Wanawake waliponda mawe wakiwa wamekaa chini, miguu wameinyoosha, kila jiwe limezungushiwa kipande cha mpira wa tairi ili lisiruke machoni. Unga wake ulimwagwa kwenye ubao ulioinama, uliotandikwa magunia, kisha maji yakapitishwa juu. Mchanga ulikwenda na maji. Dhahabu, kwa uzito wake, ilinasa kwenye nyuzi. Gunia likasuuzwa ndani ya karai, zebaki ikatiwa, mkono mtupu ukakoroga. Mwishoni zebaki ilikamuliwa kwa kitambaa, na kidonge kilichobaki, cheupe kama jino, kikachomwa juu ya mkaa mpaka kikageuka rangi. Shangazi alisimama upande usio na moshi. Hiyo ndiyo hatua pekee ya usalama niliyoiona pale.

Sitaki kuyapamba maisha yale. Maduara yaliporomoka na kufukia watu, watoto waliacha shule, na pombe iliuzwa tangu alfajiri. Lakini fungu la kila mtu lilijulikana kabla jiwe halijapasuliwa, na mgogoro ukizuka kulikuwa na pa kuupeleka. Wakurya wana iritongo, baraza la wazi la ukoo, ambako jambo huzungumzwa mpaka linaisha hata kama jua litazama. Nyuma ya baraza hilo wako inchama, wazee wa mambo ya siri, ambao uamuzi wao mtu hapendi kuuvunja. Hakuna aliyetia sahihi popote. Baadaye hilo ndilo lililowagharimu watu.

Maana kwa upande wa sheria, jambo lilikuwa limekwisha zamani. Sheria ya Madini ya 1979 ilikuwa imeshasema kwamba madini yote ni mali ya Jamhuri. Ile ya 1998 ikafungua mlango kwa mitaji ya nje, mrabaha wa dhahabu ukiwa asilimia 3. Kampuni ya Afrika Mashariki Gold Mines, ambayo wenyewe walikuwa Waaustralia, ikaja na leseni na karatasi zake. Vijiji vilivyozunguka eneo hilo viliingia mikataba nayo, wachimbaji wadogo wakaondolewa, na Nyabirama na Nyabigena vikawa majina ya mashimo ambayo ukingo mmoja huuoni vizuri ukiwa umesimama kwenye mwingine. Mwaka 2003 mgodi ukanunuliwa na Placer Dome ya Kanada, mwaka 2006 ukaingia mikononi mwa Barrick, mwaka 2010 ukawa wa African Barrick Gold, mwaka 2014 jina likageuzwa Acacia, na mwaka 2019 ukarudi kwa Barrick, safari hii serikali ikiwa na hisa asilimia 16 katika kampuni mpya ya Twiga. Mtu aliyepeleka lalamiko lake mwaka 2003 na kulifuatilia kwa uaminifu alikuwa ameshalieleza upya kwa mabwana wanne wapya.

Upinzani wenyewe ulikuwa na sura nyingi, na si zote za kujivunia. Desemba 2008 kundi la watu liliingia shimo la Gokona na kuchoma mitambo ya mamilioni ya dola. Vijana walizoea kuingia kwenye vifusi vya mawe yaliyotupwa, usiku na hata mchana, kuokota yenye chembe za dhahabu. Serikali na mgodi waliwaita wavamizi. Mitaani waliitwa maintruda, na wenyewe walilibeba jina hilo bila haya. Mgodi ulikuwa na makubaliano na Jeshi la Polisi kuhusu ulinzi. Tarehe 16 Mei 2011 mamia ya watu waliingia kwa pamoja, na polisi wakaua watano kwa risasi. Siku zilizofuata ulizuka ugomvi juu ya maiti na namna ya kuwazika, na Tundu Lissu, mwanasheria aliyekuwa akiwasemea wanakijiji hao tangu zamani, alikuwa miongoni mwa waliokamatwa Tarime. Kamati ya serikali iliyokusanya malalamiko mwaka 2016 ilipokea taarifa za vifo 65 na majeruhi 270 waliodaiwa kutokana na polisi kwa miaka yote ya mgodi.

Sura nyingine ya upinzani haikumwaga damu, na magazeti yaliicheka sana. Inaitwa tegesha. Ukisikia mgodi unataka kupanuka kuelekea kwenu, unajenga nyumba ya haraka, kuta za miti na bati juu, unapanda miti imebanana kiasi kwamba mbuzi hapiti, halafu unamngoja mthamini. Wapo waliotoka mbali, hata mjini, wakaja kutegesha kwenye ardhi waliyoikodi juzi, na hao siwatetei. Ila mkulima wa kijiji cha jirani na mgodi, kama Kewanja au Komarera, aliyefanya hivyo simwiti tapeli. Daftari la mthamini lina safu za miti, mazao na majengo. Halina safu ya duara lililolisha watu kumi na wawili, wala ya kisima, wala ya kaburi la mama zaidi ya gharama ya kulihamisha. Mtu akijua ni vitu gani vinahesabiwa, atazidisha hivyo hivyo. Serikali hufanya vivyo hivyo katika bajeti, na haiitwi jina baya.

Sasa nirudi upande wetu, maana hapo ndipo ninapoona historia hii ikiandikwa nusu. Mto Tigithe hupita karibu na mgodi na kumwaga maji yake Mara. Mara nayo huenda kwenye majaruba na mafunjo ya chini, kisha Ziwa Victoria. Mei 2009 maji machafu ya mgodi yalivuja na kuingia Tigithe. Wanakijiji walisema watu waliugua na ng'ombe wakafa; kampuni ikasema chanzo ni wananchi kuiba plastiki iliyotandikwa chini ya bwawa. Mwaka 2019 serikali iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi, na mwezi Julai ikalizuia bwawa la topesumu lisitumike mpaka lirekebishwe. Machi 2022 maji ya Mara yaligeuka meusi upande wa chini na samaki wakaelea. Kamati ya Profesa Samwel Manyele ilitoa jibu kwamba sababu ni kinyesi na mikojo ya ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, na mgodi hauhusiki. Watu wenye ng'ombe wanaokunywa mto huo tangu kabla ya Mjerumani walilipokea jibu hilo kwa kicheko cha muda mrefu. Mimi si mkemia. Lakini baba zetu hawakuwa na ng'ombe wachache.

Katika yote hayo mto umekuwa mpaka wa hesabu. Ushuru wa huduma wa mgodi huenda Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, na vijiji vinavyotajwa kwenye mipango ya kusaidia jamii ni vya Tarime. Ukisimama ukingo wa kusini ukasema una shida na maji hayo hayo, utaulizwa wilaya kabla hujaulizwa shida. Iritongo ya zamani haikujua mpaka wa namna hiyo. Nani aitwe iliamuliwa na jambo lenyewe, na aliyenywesha mifugo mahali pamoja nawe alikuwa na haki ya kusimama na kusema.

Kesi zilikwenda mbali kuliko sisi. Mwaka 2013 wanakijiji walifungua shauri Mahakama Kuu ya London kuhusu waliouawa na kujeruhiwa, na mwaka 2015 likaisha kwa maelewano nje ya mahakama. Mwaka 2022 wengine walikwenda Ontario, nchini Kanada, kuishtaki Barrick nyumbani kwake, na Novemba 2024 jaji wa huko akaamua kwamba mahakama yake haina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo. Ajabu ni kwamba mtu wa Nyamongo amefika London na Ontario kabla mwenzake wa ng'ambo ya mto hajafika kwenye kikao kimoja cha mgodi.

Hata hivyo, tumejifunza kitu kutoka kwao, nacho ni makaratasi. Barabara ya Tarime hadi Mugumu inawekwa lami kipande kwa kipande, na barabara hula moramu na kokoto. Sheria ya Madini ya 2010 inavihesabu vitu hivyo kuwa madini ya ujenzi, vyenye leseni kama dhahabu. Mtu yeyote Serengeti mwenye kilima cha changarawe nyuma ya zizi anaweza kuamka akute vigingi. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haihamishwi kwa matumizi mengine mpaka mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, ukubali. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa waziri baada ya kuyasikia mapendekezo yao. Nyamongo haikupotezwa usiku na majambazi. Ilipotezwa mchana, watu walipokuwa bado wanaamini neno lililosemwa hadharani linatosha.

Baba mdogo wangu hakuvuka darasa la nne, lakini hiyo hekta 250 anaijua. Likitajwa shimo la moramu kwenye mkutano, hasemi anakubali wala anakataa. Anauliza ni hekta ngapi. Kisha anauliza mkutano uliopitisha ulikaa tarehe gani, muhtasari uko wapi, na kama majina ya waliohudhuria yanaweza kusomwa kwa sauti, maana mara nyingine wamo marehemu. Mwenyekiti akijibu kwamba muhtasari uko wilayani, anaivuta fimbo yake karibu na kukaa chini. "Sawa mwenyekiti," anasema, "tutausubiri hapa hapa."