Neno la boda lilizaliwa kwenye baiskeli

Mwezi Septemba 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Hayakuwahi kufanyika katika ardhi ya Afrika kabla ya hapo, na kwa wiki nzima watu walijipanga kandokando ya vilima wakishangilia hadi Tadej Pogačar wa Slovenia alipovuka utepe Jumapili ya mwisho. Tulijivuna sote, na tulikuwa na haki ya kujivuna. Ila nilipowasikia watangazaji wakisema kwamba Afrika Mashariki sasa imeanza kuifahamu baiskeli, roho iliniuma. Niliwaza barabara zinazotoka Malukhu.

Malukhu iko upande wa viwanda wa jiji la Mbale, chini ya mlima Wanale. Ukisimama hapo kabla jua halijapanda utawaona wakija: huyu na mikungu mitatu ya matoke, yule na magunia ya makaa yaliyopita kichwa chake, mwingine na madumu ya maziwa yanayogongana kila tairi linapoingia shimoni. Kutoka Mbale barabara zinagawanyika kama vidole. Moja inashika kusini kupitia Nabumali na Busiu hadi Tororo, kisha mpakani Malaba. Nyingine inakwenda magharibi kupitia Budaka na Tirinyi, inakatiza mashamba ya mpunga na kinamasi cha mto Mpologoma, na kuelekea Iganga na Jinja. Ya tatu inaelekea Sironko, halafu inapanda hadi maporomoko ya Sipi, na huko mwendesha baiskeli hushuka akasukuma, atake asitake. Iko pia ya Lwakhakha, ya kahawa, ambayo nitaifikia.

Baiskeli yenyewe inastahili kutazamwa. Mara nyingi ni ile nyeusi, nzito, ya mtindo wa Raleigh ya Nottingham, au ndugu yake wa India, Hero ya Ludhiana. Lakini jinsi ilivyotoka kiwandani sivyo inavyotembea barabarani. Fundi wa chini ya mwembe ameichomelea vyuma viwili kuimarisha uma wa mbele. Keria ya asili ameitupa, akaweka ya nondo inayobeba mtu mzima au gunia la kilo mia. Juu ya keria kuna mto wa sponji uliovishwa plastiki nyekundu, wenye nyuzi zinazoning'inia pembeni, na chini yake vyuma vya kuwekea miguu. Kamba ya kufungia mzigo ni tyubu kuukuu iliyochanwa kwa urefu. Pancha huzibwa kwa beseni la maji: tyubu inazamishwa pole pole, povu likitoka ndipo penye tundu.

Baiskeli si ngeni huku hata kidogo. Winston Churchill alipopita Uganda mwaka 1907, akiwa naibu waziri wa makoloni, alifika Jinja akayatazama maporomoko ya Ripon, akawaza namna maji yale yangeweza kuzungusha mitambo. Watu wengi wanakikumbuka kitabu chake cha 1908 kwa ajili ya hilo. Mimi nakikumbuka kwa jambo jingine: alisema wazi kwamba chombo bora kuliko vyote cha kusafiria katika nchi hizi ni baiskeli. Alieleza vijia vya porini vilivyolainishwa na nyayo za wenyeji, vyenye upana wa futi mbili tu, ambavyo baiskeli hupita ikifyeka majani kwa mwendo wa maili saba kwa saa, yaani kama kilomita kumi na moja. Maofisa wa Kiingereza karibu wote walikuwa nazo, akasema, na machifu nao walikuwa wameanza kuzinunua.

Huku mashariki njia zilikuwa zikipanuliwa miaka hiyohiyo. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeanzisha mji wa Mbale mwanzoni mwa karne iliyopita na kufariki mwaka 1928, alisifika kwa barabara zilizonyooka na miti ya kivuli kandokando yake. Sifa hizo zina kivuli kingine pia: waliozilima kwa majembe walikuwa wenyeji, na wengi hawakuulizwa kama wanataka. Kisha ikaja pamba, ikaja kahawa ya arabika kwenye miteremko ya mlima Elgoni, na fedha ya mavuno ikanunua bati la nyumba, cherehani na baiskeli. Chama kikuu cha ushirika cha Bugisu, eneo linaloizunguka Mbale, kilipoundwa mwaka 1954, baiskeli ilikwisha kuwa mali ya kawaida ya mkulima aliyejimudu.

Lakini hadithi ambayo ningependa kila mtoto wa shule wa Mbale, Tororo na Busia aijue ni ya mpakani.

Mpaka huu wenyewe, wa Uganda na Kenya, ni mpya kuliko tunavyodhani. Hadi tarehe 1 Aprili 1902, Uganda ya Waingereza ilifika hadi maeneo ya Naivasha. Siku hiyo jimbo lake la mashariki likahamishiwa nchi ambayo leo ni Kenya, na ndugu wakajikuta pande mbili: Wasamia huku na huku, Wateso huku na huku, Wamasaba wa Mbale na Wabukusu wa Bungoma wanaomtaja babu mmoja na kusalimiana kwa neno lilelile, mulembe. Watu hawa hawakuacha kutembeleana kwa sababu ya geti.

Pale Busia, kati ya geti la Uganda na geti la Kenya palikuwa na nafasi ya zaidi ya nusu maili. Abiria alishushwa na basi upande mmoja na basi jingine lilimsubiri upande wa pili. Gari lingetaka makaratasi, muhuri na foleni. Baiskeli haikutaka lolote. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia wakaanza kuwapakia watu kwenye keria na kuwavusha, wakinadi safari yao kwa neno moja walilolitohoa kutoka Kiingereza, border: boda, boda! Kutoka boda hadi boda. Kazi ikasambaa haraka hadi Malaba, ikaingia Tororo, Mbale, Iganga na Jinja.

Wapo wa Malaba wasiokubali, wanaosema asili ni kwao, na ubishi huu ukiuanzisha kwenye kibanda cha chai jiandae kukaa hadi jioni. Mimi nasimama na Busia, na sababu yangu ni ya ardhi. Malaba mpaka ni mto na daraja. Ukilishika daraja umevuka. Busia ndiko kulikokuwa na umbali wa kutosha kumchosha mwenye mzigo, na mfupi wa kutosha kwa baiskeli kuzunguka mara nyingi kwa siku. Watafiti wa usafiri wengi nao wameitaja Busia.

Halafu yakaja magendo. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, ambao ndio waliokuwa na maduka mengi ya jumla na rejareja, ya baiskeli na vipuri yakiwemo. Mafuta yakawa adimu, magari yakasimama juu ya matofali. Julai 1975 baridi kali iliunguza mashamba ya kahawa ya Brazili, bei ya dunia ikaruka mwaka 1976 na 1977, wakati mkulima wa Bugisu akipewa na bodi ya serikali yake fedha isiyonunua hata sabuni. Kahawa ikaanza kutembea usiku. Ilishuka kwa njia za Lwakhakha, ilizunguka mlima hadi soko la Chepkube upande wa Kenya, ikibebwa kwa punda, kwa vichwa na kwa baiskeli zisizo na taa. Chumvi, sukari, sabuni na mafuta ya taa vilirudi kwa njia ileile. Adhabu ya aliyekamatwa ilikuwa nzito, na wengine hawakurudi nyumbani. Neno la Kiswahili, magendo, likaingia katika vitabu vya wachumi kama jina la uchumi mzima wa Uganda.

Miongoni mwa wavushaji hao wa mpakani walikuwemo watu ambao historia huwasahau upesi. Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2007, walieleza jinsi walemavu wa miguu wa Busia walivyojenga kazi yao kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono. Chombo kilichotolewa kama msaada wa kumwezesha mtu kutembea, wao walikigeuza gari la mizigo, wakavusha bidhaa huku maofisa wa forodha wakiwaachia njia. Mtu aliyekuwa akibebwa na ndugu zake akawa ndiye anayeilisha nyumba. Nikiulizwa shujaa wa barabara zetu ni nani, nitaanza na hao.

Si kila mtu aligawiwa pedali. Mwaka 1994 Christina Malmberg Calvo aliiandikia Benki ya Dunia utafiti juu ya baiskeli na wanawake wa vijijini Uganda, na suala hilo halijazeeka. Baiskeli ilikuwa ya mume. Mama alibeba maji na kuni kichwani, na alipopanda baiskeli alipanda nyuma, miguu upande mmoja, mtoto mgongoni. Nimeona mabinti wa shule wakiendesha barabara ya Tirinyi kwa kujiamini, na bado wapo wazee wanaogeuka kuwatazama.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Pikipiki ziliingia miaka ya 1990, zile za kampuni ya Bajaj zikatawala, na jina la boda likahamia kwenye injini bila mwenye jina kuulizwa. Tarehe 24 Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja tu. Jinja kuna shirika la FABIO linaloitetea baiskeli. Mbale na Jinja zikawa majiji Julai 2020.

Majiji, naam, na barabara za lami zikapanuliwa, hata ile ya Lwakhakha. Walizipanua kwa ajili ya malori. Mwendesha baiskeli wa Malukhu hakuchorewa hata mstari, wala hakupewa bega la barabara linalotosha tairi lake na mzigo wake. Nimeisafiri ile ya Tororo mara nyingi na kila mara huona jambo lilelile: honi ya lori inalia nyuma, mwenye mikungu mitatu anageuza usukani kwenye vumbi, mzigo unayumba, anaukaza kwa goti. Halafu harudi tena kwenye lami. Anaendelea pembeni, kwenye kijia ambacho yeye na wenzake wamekilainisha kwa matairi yao kati ya lami na mihogo ya watu. Siku moja karibu na Busiu nilishuka nikakipima kwa nyayo. Upana wake ni futi mbili.