Mwaka wa Kubwaga Manyanga

Kiswahili kina msemo wake kwa mtu aliyeacha kazi: amebwaga manyanga. Manyanga ni vile vibuyu vyenye punje ndani vinavyotikiswa ngomani. Anayeyabwaga hasemi ngoma imekwisha. Anasema yeye hachezi tena. Mwaka 1966 hapa Kenya manyanga yalibwagwa mara mbili kwenye kiti kimoja, kiti cha Makamu wa Rais. Wa kwanza alitoka kwa kishindo, wa pili akatoka kimyakimya. Wote wawili wana jambo la kumfunza mtu anayeamka kila Jumatatu akijiuliza, hii kazi nitaifanya mpaka lini?

Wa kwanza ni Jaramogi Oginga Odinga. Alikuwa Makamu wa Rais tangu Kenya ilipokuwa jamhuri, Desemba 1964. Kwa nje alikuwa mtu wa pili nchini. Kwa ndani, kazi ilikuwa ikimponyoka. Walikuwa wametofautiana na wenzake juu ya ardhi, juu ya urafiki na nchi za Mashariki, juu ya nani hasa alipiganiwa uhuru. Kisha Machi 1966 KANU ikakutana Limuru. Cheo cha makamu mmoja wa rais wa chama, alichokishika yeye, kikafutwa. Mahali pake wakawekwa makamu wanane, mmoja kwa kila mkoa na mmoja wa Nairobi. Hakuna aliyemwambia toka. Walikigawa tu kiti chake vipande vinane, wakamwacha aone mwenyewe.

Kila aliyeajiriwa anaijua dalili hii. Jina lako bado liko mlangoni na mshahara unaingia, lakini mikutano ya maana inafanyika bila wewe. Faili zilizokuwa zikipita mezani kwako siku hizi zinapitia kwingine. Odinga alijiuzulu Aprili, akajiunga na chama kipya cha KPU.

Tusidanganyane, gharama yake ilikuwa kubwa. Bunge lilibadilisha katiba upesi, kila mbunge aliyehama chama ikabidi arudi kwa wapiga kura. Katika uchaguzi mdogo wa Juni 1966, KPU ilipata viti 9 kati ya 29. Oktoba 1969 chama kikapigwa marufuku, Jaramogi akawekwa kizuizini, na akatoka mwaka 1971. Ila huyu hakuwa mgeni katika kuacha kazi. Miaka ya arobaini alikuwa ameacha ualimu ili aingie kwenye biashara ya ushirika ya Luo Thrift. Alishajua kwamba kuna maisha nje ya mshahara.

Wa pili ni Joseph Murumbi, na yeye ndiye fumbo kubwa zaidi. Baba yake alikuwa Mgoa, mama yake Mmaasai. Alizaliwa 1911, akasoma India. Viongozi wa KAU walipokamatwa mwaka 1952, yeye alishika kazi ya ukatibu wa chama, kisha akaishi London karibu miaka kumi akiitetea Kenya huko. Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Mei 1966 akapewa kiti alichokiacha Odinga. Hakuna aliyekigawa kiti chake. Hakuna aliyekuwa akimfukuza. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameondoka. Sababu iliyotangazwa ilikuwa afya.

Waliomfahamu wametaja mengine. Rafiki yake Pio Gama Pinto alikuwa ameuawa kwa risasi Nairobi, Februari 1965. Na mashamba yalikuwa yakigawanywa kwa namna ambayo mtu wa moyo wake hangeweza kuikalia meza moja. Dalili ya Murumbi basi haikuwa kwamba kazi imemkataa. Kazi ilimtaka sana, ila ilimtaka awe mtu mwingine.

Kuna dalili ya tatu, na hiyo tuiazime kwa jirani. Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru wa Tanganyika, Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama vijijini. Hakusukumwa, wala hakuchukizwa. Aliona cheo kinamzuia kufanya kazi yenyewe. Mwisho wa mwaka huohuo akarudi akiwa Rais. Alipostaafu urais mwaka 1985, alituachia hata neno la kitendo chenyewe: kung'atuka.

Sasa kuna mtu atauliza: na mvumilivu je, si hula mbivu? Ni kweli, na historia yetu ina ushahidi. Januari 1967, Daniel arap Moi alipewa kiti kile ambacho wenzake wawili walikiacha. Akakikalia zaidi ya miaka kumi na moja. Mwaka 1976 wakubwa fulani walifanya kampeni ya kubadilisha katiba ili asirithi urais. Akanyamaza. Agosti 1978 Kenyatta alipofariki, Moi akaapishwa. Kwa hiyo methali haijasema uongo. Ila haikusema kila mti una matunda, wala kwamba utakayeyala mwishoni utakuwa bado yule aliyeanza kungoja.

Murumbi hakuenda kukaa bure. Alifanya kazi na kampuni ya sigara ya Rothmans, na pamoja na Alan Donovan akaanzisha African Heritage, nyumba ya sanaa iliyofungua mlango kwa mafundi wengi wa Kiafrika. Alikusanya vitabu, barua, vinyago na nguo. Vitabu vyake adimu, zaidi ya elfu nane, viko kwenye Nyaraka za Taifa, lile jengo la zamani la benki pale Moi Avenue. Alifariki 1990, akazikwa City Park, karibu na kaburi la Pinto.

Wengi wetu hatuna jina la Jaramogi wala marafiki wa Murumbi. Tuna kodi ya nyumba na karo ya muhula ujao. Kuzihesabu kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu si woga, ni akili. Lakini ukishamaliza hesabu hiyo, fanya na nyingine: kazi imekuacha, inakugeuza, au inakuzuia kufanya kazi yako? Kama jibu ni hapana mara tatu, basi huenda umechoka tu. Omba likizo. Kama kuna ndiyo hata moja, anza kuweka akiba, na uangalie mlango uko wapi.