Majina ya Miti katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Mtu atokaye katikati ya mji wa Dar es Salaam kwenda kaskazini mpaka Mikocheni, au kusini mpaka Miburani, hupita katika orodha ya miti ambayo haikuandikwa na bwana miti yeyote. Mikocheni ni mahali pa mikoche. Miburani, pa mibura. Mivinjeni, pa mivinje. Mkwajuni, penye mkwaju. Aghalabu mti wenyewe hauonekani tena. Jina limebaki, nalo ni hati ya historia inayostahili kusomwa kwa makini, kwa kuwa laonyesha jinsi wenyeji walivyoijua na kuitunza miti yao kabla ya mipango ya serikali.

Majina haya yana sura mbili. Yaliyo katika wingi, kama Mikocheni, Miburani na Mivumoni, yataja miti iliyoota pamoja, nayo ni miti ya mwituni iliyofaa watu bila ya kupandwa: miyaa ya mkoche ilisukiwa majamvi na vikapu, na matunda ya mbura yaliliwa. Yaliyo katika umoja, kama Mkwajuni ya Kinondoni, yataja mti mmoja uliojulikana na wote. Mnazi Mmoja, mjini kati, ni mfano ulio wazi kupita yote, maana hesabu yenyewe imetiwa katika jina. Miembe, kwa kuwa ilikuwa mingi, haikutosha kuwa alama kwa jina lake tupu. Hivyo kuna Mwembechai upande wa Magomeni na Mwembeyanga upande wa Temeke, kila mmoja umeongezewa neno la kuupambanua. Mabibo nalo, lililokuwa katika Kinondoni mpaka wilaya ya Ubungo ilipotengwa mwaka 2016, halikutwaa hata kiambishi cha mahali. Ni neno lile lile la tunda la mkorosho, mti ulioletwa Afrika ya Mashariki na Wareno kutoka Brazil.

Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, nao ukazungukwa na mashamba ya minazi. Kwa desturi ya pwani, ardhi na mti vyaweza kuwa na wenyewe mbalimbali: kiwanja cha huyu, minazi iliyomo ya yule, na warithi wa aliyepanda hula matunda yake. Kupanda mti kulikuwa ni kuweka ushahidi ambao jirani hawezi kuukana.

Miti ya serikali ilikuwa na mwendo mwingine. Mwaka 1893 Wajerumani walianzisha bustani ya mimea chini ya Franz Stuhlmann ili kujaribu mazao ya biashara, na njia kuu ya mji wao wakaiita kwa jina la miti ya akasia. Waingereza wakalihifadhi jina hilo katika lugha yao, Acacia Avenue. Baada ya uhuru njia hiyo ikaitwa Independence, na leo ni Samora. Jina lililotolewa kwa amri likaondolewa kwa amri. Lakini Mkwajuni na Miburani, yasiyotangazwa na mtu, hayakuondolewa na mtu.

Mipango mikuu ya mji ikafuatana, ya 1949, ya 1968 na ya 1979. Tangu 1974 viwanja vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa msaada wa Benki ya Dunia, na Manzese ikatengenezwa. Katika kazi hizo mti wa mwenyeji ulihesabiwa hasa kwa ajili ya fidia. Maadamu sheria haikuitambua thamani ya ardhi tupu mpaka Sheria ya Ardhi ya 1999, mwembe na mnazi, pamoja na nyumba, ndivyo vilivyompa mwenyeji haki ya kulipwa. Basi mara nyingi mti uliandikwa kwa mara ya kwanza katika daftari la serikali siku ulipokuwa tayari kukatwa.

Kampeni ya Misitu ni Mali ya mwaka 1980 ilihimiza watu wote wapande miti. Lakini mche uliopandwa kando ya barabara hauna mwenyewe. Ukikosa maji au ukiliwa na mbuzi, hapana wa kudai. Kinyume chake, katika nyua za Temeke na Kinondoni mwarobaini wa Bara Hindi, uliopewa jina kwa maradhi arobaini yanayosemwa kuponywa nao, umestawi bila ya amri, kwa sababu mwenye nyumba hutaka dawa na kivuli.

Ushahidi wa majina waelekea upande mmoja: mti wa mjini huishi pale ulipo na mwenyewe ajulikanaye. Wapangao kupanda miti yafaa waanze kwa kuwauliza wenyeji ni mti gani wautakao, uwe wa nani, na matunda yake yaliwe na nani. Kadhalika yapasa majina ya miti yakusanywe mtaa kwa mtaa, hata yale madogo yasiyomo katika ramani, wangali hai wazee walioiona miti hiyo ikisimama.