Haki ya Ndoa Wakati wa Ugonjwa Mzito na Msiba

Tunapowatembelea wagonjwa tumezoea kuuliza habari za maumivu, dawa na Sakramenti. Lipo swali ambalo wanandoa wengi wanalo moyoni na hawalitaji: ugonjwa huu umeifanyia nini ndoa yetu? Mgonjwa huona haya, mwenzi wake huogopa kuonekana mwenye tamaa, na padre hudhaniwa kuwa hayamhusu. Yanamhusu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et spes (1965), namba 49, unafundisha kwamba matendo yanayowaunganisha wanandoa ni adili na yanastahili heshima. Kuyazungumza kwa staha si aibu.

Tuchukue saratani ya mlango wa kizazi, inayowapata wanawake wengi wa Afrika Mashariki. Mionzi inayotumika kuitibu huweza kuufanya uke uwe mkavu, uwe mwembamba na kuuma. Mke anayejitenga baada ya matibabu hayo mara nyingi hamkatai mumewe. Anaogopa maumivu au damu. Mume naye huogopa kumwumiza, na wapo wanaodhani wataambukizwa saratani. Saratani yenyewe haiambukizwi kwa tendo la ndoa. Kinachoambukizwa ni kirusi kinachoweza kuisababisha baada ya miaka mingi. Daktari au muuguzi aweza kueleza muda wa kusubiri, vilainishi, na namna ya kuzuia njia isizibe, lakini mara nyingi hungoja aulizwe. Kwa wanaume, upasuaji wa tezi dume, kisukari na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huweza kupunguza nguvu. Wengi hukimbilia dawa za vichochoroni kabla ya kumwona daktari.

Hapa ndipo maneno ya Mtume Paulo katika 1Kor 7:3-5 hugeuzwa kuwa fimbo. Tumesikia yakitajwa na mume mwenye afya mbele ya mke asiyeweza kugeuka kitandani. Paulo anawapa wote wawili haki iliyo sawa, naye anataka mapatano. Mtakatifu Paulo VI, katika Humanae vitae (1968), namba 13, anafundisha kwamba tendo analolazimishwa mwenzi pasipo kujali hali yake wala matakwa yake ya haki si tendo la kweli la upendo. Kwa hiyo mgonjwa anayesema hawezi hatendi dhambi ya kumnyima mwenzake.

Wengine huuliza, hasa wakisukumwa na ndugu, kama ndoa bado ipo baada ya mke kuondolewa kizazi au mume kupooza. Ipo. Kanuni 1084 ya Sheria za Kanisa inahusu hali ya kutoweza tendo la ndoa iliyokuwapo kabla ya ndoa na isiyo na mwisho. Inayotokea baadaye hailigusi agano. Utasa, wenyewe, hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Na mwili uliokatazwa tendo haukukatazwa kuguswa: kumwogesha mwenzi, kumpaka mafuta, kulala ubavuni pake akikubali. Familia zinazomhamishia mgonjwa chumba kingine ziwaulize kwanza wenyewe.

Msiba una mambo yake. Wazazi wakifiwa na mtoto, mmoja aweza kutafuta faraja katika kukumbatiwa, na mwenzake akaona ni kumdharau marehemu. Hakuna aliye mkosefu. Waombolezaji hawatembei kwa mwendo mmoja, wala wazee wa ukoo wasiwapangie siku.

Mjane au mgane anayeona hamu ya mwili ikimrudia mapema hajamsaliti aliyelala. Hamu hiyo si dhambi kwa kuwa tu imemjia, ingawa bado anaitwa kuishi katika usafi wa moyo. Akitaka kuolewa au kuoa tena yu huru katika Bwana (1Kor 7:39), na sheria ya Kanisa haimwekei muda wa kungoja. Desturi ya kumtakasa mjane kwa kumlaza na mwanamume, popote inapodumu, ni dhuluma na ni dhambi nzito kwa wanaomlazimisha. Mjane anayetishwa hivyo amwendee paroko au viongozi wa jumuiya yake, nao wasimrudishe kwa watu haohao waliomtisha.