Isao Takahata, Bingwa wa Katuni Asiyechora

Yamkini, msomaji, wadhani kwamba aongozaye filamu za katuni hana budi awe mchoraji stadi. Isao Takahata wa Japani hakuwa mchoraji. Alizaliwa mwaka 1935, akasoma fasihi ya Kifaransa katika Chuo Kikuu cha Tokyo, na mwaka 1959 akaingia kampuni ya Toei, kwa kuwa filamu moja ya Mfaransa Paul Grimault ilikuwa imemwonyesha kwamba picha za kuchora zaweza kubeba mawazo mazito. Wengine walichora, yeye aliwaza, akauliza, akakataa, akataka ichorwe tena.

Tabia hiyo ilimgharimu. Filamu yake ndefu ya kwanza ilichelewa mno, na ilipotoka mwaka 1968 haikupata watazamaji wengi. Mwaka 1971 aliiacha Toei.

Alipokuwa na umri wa miaka 9, mwezi wa Juni 1945, ndege za Marekani ziliuteketeza mji wa Okayama usiku, naye akaukimbia moto pamoja na dada yake. Likumbuke jambo hilo utazamapo filamu yake ya mwaka 1988 ihusuyo mayatima wawili wa vita, Seita na umbu lake mdogo, Setsuko. Seita ana kiburi. Hakuyavumilia maneno makali ya mama mmoja wa jamaa yao aliyewapa makao. Akamchukua mtoto wakaishi katika handaki, na njaa ikamwua Setsuko. Humo hamna adui mwenye sura umchukie, wala Seita hasafishwi. Wengi huitazama wakilia. Mimi naona machozi hayatoshi, maana aliaye tu huenda asilione kosa la kijana yule.

Katika filamu ya mwaka 1991 alirekodi sauti za waigizaji wakuu kwanza, ndipo wachoraji wakafuatisha midomo na hata misuli ya mashavu. Hiyo haikuwa desturi ya Wajapani.

Filamu yake ya mwisho, ya mwaka 2013, yatokana na ngano ya kale ya mkata mianzi aliyeokota binti ndani ya mwanzi. Ilichukua miaka 8. Rangi zake ni nyepesi kama maji, na sehemu za karatasi zimeachwa nyeupe. Mtazame binti huyo akimbiapo kutoka karamuni: mistari yavurugika, nguo zapeperuka moja moja, hata mwili wake wabaki kama mikwaruzo ya mkaa. Takahata hakuruhusu mikwaruzo hiyo isafishwe. Alifariki mwezi wa Aprili 2018.